Nyumba Dar es Salaam: Tulikotoka

Mwaka 1962 Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Likabomoa nyumba za udongo Magomeni, likajenga za matofali. Lakini watu walimiminika mjini kushinda nyumba zilizojengwa. Miaka ya 1970 vikapimwa viwanja Sinza na Kijitonyama. Benki ya Nyumba ikaanza 1973, ikafa 1995. Mkopo ulitaka dhamana. Mama muuza vitumbua angeitoa wapi? Basi wengi tukabaki kupanga chumba uswahilini, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Aliyejenga, kajenga tofali kwa tofali. Akina mama, haba na haba hujaza kibaba: akiba hii ndiyo benki yetu ya nyumba.