Gari kuchemsha: chanzo chaweza kuwa kwenye eksozi

WAMILIKI wengi wa magari hupeleka gereji malalamiko mawili wakidhani hayahusiani. La kwanza ni gari kuchemsha, iwe kwenye foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam au linapopanda Mlima Kitonga mkoani Iringa. La pili ni eksozi: harufu kali, joto linalopenya sakafuni, na gari kukosa nguvu. Wakati mwingine yote mawili huwa na mzizi mmoja, na mzizi huo hupandwa na fundi mwenyewe.

Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hukimbilia kung’oa thamostati, wakidai kuwa kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Dai hilo si sahihi. Thamostati ni vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto la kufanyia kazi. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za Sentigredi. Hata adhuhuri ya Februari, hewa ya Dar es Salaam haifiki nusu ya joto hilo.

Vali hiyo ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto. Kompyuta ya gari husoma ubaridi huo na kuamuru petroli zaidi, kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa alfajiri. Petroli isiyoungua yote hutoka na moshi hadi kwenye masega.

Masega ni kopo la chuma katika bomba la eksozi. Ndani yake mna kauri yenye matundu membamba mithili ya sega la nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kupunguza sumu ya moshi. Petroli ikiwakia humo, joto hupita kiasi, kauri huyeyuka na matundu huziba. Plagi mbovu nayo huleta madhara hayo hayo. Moshi ukikosa njia, joto lake hubaki injini, na gari lililong’olewa thamostati ili lisichemshe huchemsha tena.

Dalili yake ni gari kuwaka vizuri lakini kugoma kuongeza mwendo, hasa mlimani. Fundi makini hupima kwanza shinikizo la moshi kupitia tundu la sensa ya oksijeni. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo jingine: hapo ishukiwe gasketi ya silinda hedi.

Wapo wanaotoboa masega na kuyatupa. Nguvu hurejea, lakini kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, hutoka bila kupunguzwa. Aidha, mwenye gari asiyerudishiwa masega ya zamani ana haki ya kuyaulizia, kwani madini yale yana wanunuzi.

Geji ya joto ikipanda njiani, zima kiyoyozi, egesha kando na uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe kabisa. Maji yaliyo ndani yamebanwa, huweza kupita nyuzi 100 na yatakurukia usoni. Wala usiimwagie injini maji ya baridi, silinda hedi isije ikapasuka. Na ukiwa nje ya mji, usiegeshe juu ya nyasi kavu: masega yenye joto kali huweza kuziwasha moto.