Gadi wa Gari la Shehena: Mafunzo na Kazi katika Reli ya Jimbo la Kusini, 1949–1962

Mtu wa mjini akisikia neno kondakta humfikiria mpokea nauli wa basi, mwenye tikiti mkononi na mguu mmoja mlangoni. Katika reli za Afrika ya Mashariki msimamizi wa gari la moshi huitwa kwa jina jingine, nalo ni gadi. Jina hili limetoka katika Kiingereza, likaongezwa irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya Kiswahili, na maana yake haikubadilika: ni mlinzi. Dereva huongoza injini na msaidizi wake huchochea moto. Lakini gari zima, tangu kiungo cha kwanza nyuma ya injini mpaka taa nyekundu ya mkia, limo katika dhamana ya gadi. Dhamana hiyo ni nzito zaidi katika gari la shehena, kwa kuwa magunia hayana sauti ya kupiga kelele chombo kikienda mrama.

Katika wilaya za kusini mwa Tanganyika kazi hii ilizaliwa na kufa katika muda usiozidi miaka kumi na mitatu. Mtoto aliyezaliwa Nachingwea mwaka ule gari la kwanza lilipofika hakuwa amebaleghe lilipoondoka la mwisho. Ufupi huu ndio unaoifanya historia yake istahili kutazamwa, maana ni mara chache kuona ufundi mzima ukiletwa mahali, ukifundishwa, ukishikwa na wenyeji, kisha ukanyang'anywa ardhi ya kusimamia.

Chanzo cha reli hiyo kilikuwa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Wajumbe walitumwa, wakatazama, na katika mwaka huo huo serikali ya Uingereza ikakubali mpango wa mashamba 107, kila moja la eka 30,000, yaani jumla ya eka 3,210,000. Kati ya hayo, mashamba 55 yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, kwa sababu mvua za huko zilidhaniwa kuwa za kuaminika kuliko za Kongwa. Hesabu ilikuwa nzuri juu ya karatasi. Ila jimbo hilo halikuwa na reli wala bandari ya maji marefu, na barabara zake zilikatika wakati wa masika. Hapana budi vitu hivyo vijengwe kwanza, kabla ya karanga kupata njia ya kutokea.

Basi reli ya upana wa mita moja ikaanzwa kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, kupitia Ruo, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, ikaunganishwa na njia hiyo pale Ruo, na kipande cha Mkwaya kikapoteza kazi yake. Mwaka 1958 tawi lilipelekwa Masasi. Lakini mpango wenyewe wa karanga ulikuwa umekwisha kuvunjwa tangu Januari 1951, baada ya kufutwa deni la pauni 36,500,000. Msomaji na apime mpangilio huu wa miaka: bandari na sehemu kubwa ya njia vilikamilika baada ya shehena iliyovijengea kutoweka. Gadi wa kusini alifundishwa kuongoza msafara wa karanga, akaishia kuongoza korosho, mihogo na mbao kwenda chini, na saruji na mafuta ya petroli kupanda juu.

Ruangwa haikuguswa na njia hiyo. Mkulima wa huko, kaskazini ya Nachingwea, aliyetaka mzigo wake uende baharini kwa reli, ilimpasa kwanza aupakie katika lori mpaka stesheni, ushushwe, upimwe, uandikiwe hati, ndipo upakiwe tena katika behewa. Mwenye lori aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko wakubwa wa reli: mzigo uliokwisha kupanda lori ni nafuu kuuacha humo humo mpaka bandarini.

Mafunzo ya gadi hayakuanza darasani. Kwa desturi ya reli, mtu aliingia akiwa mpagazi wa stesheni au mfungaji wa mabehewa, akajifunza kupanga na kupangua magari katika njia za pembeni, akapanda kuwa mshika breki, na mwisho, akionekana ana kichwa na utulivu, akapelekwa kusomea ugadi. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lenye makao makuu Nairobi, na huko Nairobi kilifunguliwa chuo kikubwa cha reli mwaka 1956. Kwa kijana wa kusini ilikuwa safari ndefu, kwa kuwa reli ya kwao haikuungana na reli nyingine yoyote. Ili kwenda kujifunza kazi ya reli alilazimika kwanza kusafiri kwa meli au kwa barabara.

Jambo la kwanza lililopimwa lilikuwa macho. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kupewa bendera. Hapa lugha ina neno la kusema. Katika Kiswahili rangi zenye vivumishi vyake vya asili ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Rangi ya bendera ya pili imeazimwa kutoka katika majani. Wako waliodhani kwamba watu wasio na neno maalumu la rangi hawaioni sawasawa. Reli yenyewe ilikanusha dhana hiyo kila siku, kwa sababu mtu aliyeiita rangi hiyo ya majani aliipeperusha bendera kwa wakati wake, na dereva aliyekuwa mwisho wa pili wa gari akaondoa injini.

Jambo la pili lilikuwa saa, na hatari yake ilikuwa kubwa kuliko ya rangi. Gadi alipaswa kuandika katika daftari la safari wakati wa kufika na kuondoka kila kituo, na sababu ya kila kuchelewa. Kalamu yake iliandika saa za Kizungu, ulimi wake ukasema saa za Kiswahili. Saa moja ya asubuhi mdomoni ilikuwa saa saba katika daftari. Katika njia ya mkondo mmoja, ambamo magari hupishana vituoni tu, mtu anayeteleza kwa saa sita hana nafasi ya kuomba radhi. Kwa hiyo mwanafunzi alizoezwa kugeuza saa kichwani bila ya kufikiri, kama mtu wa lugha mbili anavyogeuza salamu.

Kisha zilifuata sheria zenyewe. Kabla ya kuondoka gadi huzunguka gari zima kwa miguu. Hutazama kila kiungo, hutazama kama milango imefungwa na lakiri hazikuvunjwa, husoma lebo ya kila behewa na kuilinganisha na hati za shehena, huhesabu mabehewa na kujumlisha uzito, ajue kama injini ile itaweza kuuvuta katika mwinuko wa kutoka pwani hadi nyanda za Nachingwea. Breki za zama hizo zilikuwa za ombwe: injini hufyonza hewa kutoka katika bomba lililopita chini ya mabehewa yote, na hewa ikirudi bombani breki hukamata. Uzuri wa ufundi huu ni kwamba gari likikatika katikati, bomba nalo hukatika, na pande zote mbili husimama zenyewe. Gadi alikuwa na saa ya kupimia ombwe katika behewa lake, na valvu ya kuingizia hewa akiona hatari ambayo dereva hakuiona. Hakuondoka mpaka sindano ya saa ile imwambie kwamba bomba ni zima tangu mbele mpaka nyuma.

Somo lililotiliwa mkazo kuliko yote lilihusu gari lililosimama porini. Kama injini imeharibika kati ya vituo, kazi ya gadi si kwenda mbele kuuliza kuna nini. Kazi yake ni kufunga breki ya mkono, kuchukua bendera nyekundu au taa, kurudi nyuma kwa miguu umbali uliowekwa na sheria, na kutega fataki juu ya chuma cha reli, ili gari jingine likija zilipuke chini ya magurudumu na kumwonya dereva. Hukaa huko mpaka aitwe. Katika pori la bonde la Lukuledi usiku, na simba wakiwapo, sheria hiyo ilimtaka mtu mmoja aondoke penye moto na wenzake, aende gizani kulinda shehena isiyokuwa yake. Haikuwa na nafasi ya ushujaa wala ya woga. Ilihesabu hatua tu. Mtu aliyeweza kuitii peke yake, pasipo msimamizi wa kumtazama, ndiye aliyekuwa gadi, hata kama Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea.

Kitabu cha sheria kiliandikwa kwa Kiingereza, ila kazi ilifanyika kwa Kiswahili, na maneno yaliyotumika yanaonyesha jinsi watu walivyoielewa. Baadhi yaliingia kama yalivyo na kuvishwa irabu: reli, stesheni, breki, injini, gadi. Mengine yalitoka pwani, na hayo ndiyo yenye mafunzo. Taruma ni ubavu unaoimarisha chombo cha baharini. Mbao zinazolalia chini ya reli zikaitwa mataruma. Behewa ni ua au ukumbi wa ndani katika nyumba kubwa. Gari la kufungiwa mizigo likaitwa behewa. Shehena ni mzigo wa jahazi tangu zamani. Watu hawa hawakuiona reli kuwa kitu kigeni kisicho na mfano. Waliiona kuwa jahazi la nchi kavu, lenye mbavu, vyumba na mzigo, na maneno yao yalikuwa tayari kabla injini haijashushwa Mkwaya. Hata ugawaji wa madaraka haukuwa mpya kwao, kwani melini pia anayeshika usukani siye lazima mwenye kauli juu ya chombo.

Walakini kuijua kazi na kupewa kazi ni mambo mawili. Katika reli za ukoloni vyeo viligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, katika ukuu wa stesheni, ukarani na ugadi, na Mwafrika chini. Aliyebeba taa ya gadi kwa miaka mingi aliweza kuwa anaifahamu kazi yake kuliko mwenye taa. Malalamiko hayo yalikuwa ya zamani. Septemba 1947 mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulienea bara ukifuata njia ya reli, na mwaka 1960 wanachama wa chama cha wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Mshahara ulitajwa kwanza, lakini swali la nani apande cheo lilikuwa ndani yake. Katika miaka hiyo milango ilianza kufunguka, na Waafrika waliofuzu ugadi wakaongezeka.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata reli ya kusini ilifungwa, kwa kuwa haikupata mizigo ya kulipia gharama zake, na baadaye vyuma vyake viling'olewa. Wenye kuamua walikuwa na hesabu mkononi, na hesabu hiyo si rahisi kuibishia: njia iliyojengwa kwa eka 1,650,000 za karanga haikuweza kulishwa na korosho za wakulima wadogo. Lakini hesabu hiyo iliandika hasara ya injini, mabehewa na mataruma, isiandike ya ufundi. Wakati ule ule ambapo kijana wa Kimwera aliweza kwa haki kuitwa gadi katika nchi yake, reli ya nchi yake iliondolewa chini ya miguu yake. Aliyetaka kuendelea na kazi ilimpasa ahamie Reli ya Kati au Tanga, akajifunze upya kila mwinuko na kila kona. Maana gadi hujua sheria popote, lakini njia huijua moja.

Tanzania ilirudi baadaye kufundisha watu wa reli kwa wingi. Kwa ajili ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa kusoma Beijing, na chuo kikajengwa Mpika, Zambia. Tabora nako kuna chuo cha reli. Katika mipango ya serikali limo pia shauri la reli kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, penye Ziwa Nyasa, na ikijengwa itahitaji magadi wake. Nachingwea yenyewe ilipata wageni wengine: tangu miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO walifanyia mazoezi huko, katika nchi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga. Korosho za Ruangwa na Nachingwea zinakwenda Mtwara kwa lori. Na kata moja ya wilaya ya Nachingwea, katika orodha ya serikali na katika vinywa vya watu, inaitwa Stesheni.