Suti, Senema na Picha: Mavazi ya Wanaume wa Kongo kama Chanzo cha Historia

1.0 Utangulizi

Bweremana ni mji mdogo ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, katika teritori ya Masisi, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake na kuelekea Minova na Bukavu. Katika miji ya namna hii kumbukumbu za maandishi ni haba. Hivyo picha ya babu aliyevaa suti na tai, iliyotunzwa sandukuni, yaweza kumweleza mwanahistoria mambo ambayo majalada ya serikali hayasemi. Lakini picha hiyo haisomeki peke yake. Ni lazima ilinganishwe na historia ya mavazi katika Kongo nzima, hasa katika miji mikubwa ambako ushahidi ni mwingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanamume aliyeiga mavazi ya senema na ya wazee wa kale hakuwa kasuku. Alikuwa akidai heshima, na ndiyo maana tawala mbalimbali zilitaka kuliamulia vazi lake.

2.0 Suti kama Cheti

Chini ya Wabelgiji, suti ilikuwa alama ya makarani, walimu na wauguzi walioitwa kwa Kifaransa évolués, yaani watu waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi la uandikishaji. Mwombaji wa daraja hilo alichunguzwa hadi nyumbani kwake. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta mjini Stanleyville (Kisangani ya leo), alilipata mwaka 1954. Picha zake nyingi humwonyesha katika suti iliyonyooka, miwani na tai ya kipepeo. Desemba 1960 wapiga filamu walimnasa mjini Leopoldville akiwa mateka, mikono imefungwa, amevaa shati bila koti. Anayezilinganisha picha hizo huona jinsi heshima iliyotafutwa kwa miaka mingi ilivyovunjwa hadharani, mbele ya kamera.

3.0 Vijana na Senema

Utawala wa kikoloni uliiogopa senema. Kuanzia mwaka 1945, filamu za kuonyeshwa Waafrika zilitakiwa zipitishwe kwanza na tume ya ukaguzi. Wamisionari nao walitengeneza filamu zao za mafunzo. Mjini Bukavu, Mapadri Weupe walikuwa na kikundi kilichoitwa Africa Films. Hata hivyo, vijana wa Leopoldville katika miaka ya 1950 walichagua walimu wao wenyewe, yaani wachunga ng'ombe wa filamu za Kimarekani. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kofia pana, leso shingoni na suruali za jinzi. Waliunda hata lugha yao ya mtaani, Hindoubill, yenye msingi wa Kilingala.

Jean Depara ndiye aliyewahifadhi vijana hao kwa picha. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akanunua kamera ndogo mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake, na baadaye akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Katika picha zake vijana wanasimama kama walivyowaona mashujaa wa senema wakisimama. Kofia ni ya Marekani. Ujasiri wa kumtazama mpiga picha machoni ni wao wenyewe.

4.0 Abakosti na Sape

Kuanzia mwaka 1972, siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu ilipiga marufuku suti na tai. Mahali pake pakashikwa na abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti iondoke". Zaire haikuwa peke yake katika jambo hili: nchini Tanzania, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana.

Kutokana na marufuku hayo, suti iliyokuwa cheti cha mkoloni ikageuka kuwa vazi la ukaidi. Wafuasi wa Sape, ambao Papa Wemba alikuwa kioo chao, walivaa nguo za mafundi wa Ulaya kwa adabu kamili. Papa Wemba aliigiza pia katika filamu La vie est belle (1987), iliyoongozwa na Benoît Lamy pamoja na Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu aliruhusu tai irudi, ingawa yeye mwenyewe hakuiacha abakosti.

5.0 Hitimisho

Katika Kivu, mavazi ya zamani huwafikia watu kwa njia ya mitumba. Huko, kama Rwanda na Burundi, mitumba huitwa chagua, kwa kuwa mnunuzi huchagua katika lundo. Koti lililoshonewa mgeni asiyejulikana hupunguzwa na fundi cherehani, likapata bwana mpya. Kitenzi hicho cha Kiswahili chaeleza vema hoja ya makala haya: mvaaji huchagua.

Lakini ushahidi wa uchaguzi huo uko hatarini. Tangu mwaka 1993 watu wa Masisi wamekimbia vita mara nyingi, na Januari 2025 mapigano yalifika Sake, Minova na Goma. Anayekimbia hubeba mtoto na chakula. Picha hubaki ukutani. Kwa hiyo wanafunzi wa historia na wa Kiswahili hawana budi kuzinakili picha zilizosalia, pamoja na masimulizi ya wenyewe kuhusu nani alivaa nini, alikipata wapi, na alitaka aonekane nani.