Aina za aya: Tujue zilikotoka kabla ya kuwakaririsha wanafunzi

MWULIZE mwanafunzi wa kidato cha pili aya ni nini. Huenda akakujibu pasi na kusita: ni sentensi tano au sita zinazoanza mbele kidogo ya pambizo. Mwulize aina zake naye atakuorodheshea: ya utangulizi, ya masimulizi, ya maelezo, ya ufafanuzi, ya hoja na ya hitimisho. Sasa hebu mwambie aandike aya moja tu ya hoja kuhusu uhaba wa maji kijijini kwao. Mara nyingi utapata methali mbili, tashbihi tatu, na hoja yenyewe haipo!

Orodha anaijua, kazi ya aya haijui. Historia inaweza kutusaidia kuona tulipopotokea.

Tuanze na neno lenyewe. ‘Aya’ tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni ishara, na vilevile kipande cha sura ya Kurani. Wagiriki wa kale nao walikuwa na ‘paragraphos’, kistari kifupi kilichochorwa pembeni chini ya mstari ili kumwonyesha msomaji kwamba hapo pana mabadiliko, kwa mfano anaanza kusema mhusika mwingine katika tamthilia. Kumbe katika lugha zote mbili chimbuko ni ishara, wala si hesabu ya sentensi.

Katika Ulaya ya enzi za kati, wanakili walitumia alama ya ¶, aghalabu kwa wino wa rangi. Uchapishaji ulipoenea katika karne ya 15, wachapishaji waliacha nafasi ili alama hiyo ichorwe baadaye kwa mkono. Nyingine hazikuchorwa kamwe. Desturi ya kuusogeza ndani mstari wa kwanza wa aya huelezwa kuwa ilitokana na mapengo hayo.

Na huku kwetu pwani je? Mwandishi wa barua kwa hati ya Kiarabu hakuhitaji pengo ili kutenga mawazo yake. Maneno yenyewe yalifanya kazi hiyo: alitanguliza salamu na dua, kisha akaandika ‘wa baadu’, na msomaji akajua sasa tunaingia kwenye shabaha. Hiyo ilikuwa aya bila pambizo.

Kanuni tunazozifundisha leo ni za juzi tu. Mwaka wa 1866, Alexander Bain, profesa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, alichapisha kitabu cha utunzi wa Kiingereza kilichoweka masharti ya aya, likiwemo kwamba sentensi ya kwanza kwa kawaida iashirie mada. Humo pia aliugawa utunzi katika aina, zikiwemo maelezo, masimulizi na ufafanuzi. Vitabu vya shule vilivyofuata vikayageuza masharti hayo kuwa sheria. Lakini mwaka wa 1974, Mmarekani Richard Braddock alipochunguza makala ya waandishi weledi katika majarida ya kwao, aligundua kuwa ni takriban asilimia 13 tu ya aya zilizoanza kwa sentensi ya mada.

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa. Hilo lilikipa hadhi. Ila mtahiniwa wa KCPE alikuwa na dakika 40 za kuandika insha ya alama 40, na kwa haraka hiyo wengi waliona afadhali waingie na utangulizi waliokwisha kuukariri. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mazoea hayo hayakuondoka nayo.

Tufanyeje basi? Kwanza, mwalimu aanze na swali, si orodha: aya hii inafanya kazi gani? Tuchukue yale maji. Ukisimulia jinsi mama alivyodamka alfajiri kwenda mtoni, hayo ni masimulizi. Ukituonyesha foleni ya mitungi na rangi ya maji, hayo ni maelezo. Ukieleza kwa nini mto hukauka kila kiangazi, huo ni ufafanuzi. Ukidai kisima kichimbwe karibu na shule, ukatoa sababu na kumjibu anayepinga, hiyo ni hoja. Mada ni moja, kazi ni nne.

Pili, wape wanafunzi makala ya gazeti yaliyonakiliwa bila mapengo ya aya, kisha wao waamue pa kukata na watetee uamuzi wao. Watabishana, na ubishi huo ndio somo.

Tatu, tuache kuhesabu sentensi. Aya ya sentensi mbili iliyotimiza kazi yake inastahili alama kuliko ya sentensi nane za mapambo. Mwanafunzi anayejua kutenga wazo na wazo ataandika barua ya kuomba kazi, ripoti ya chama au malalamiko kwa chifu, na asomaye ataelewa anachotaka.