Triumph Stag na Moyo wa Kuazima

Mwezi Juni 1970, kiwanda cha Triumph cha mjini Coventry, Uingereza, kilitoa gari la fahari lililoitwa Stag. Umbo lake lilichorwa na Mwitalia Giovanni Michelotti. Chini ya boneti ilikaa injini ya lita 3, silinda nane katika safu mbili, ambayo haikupata kutiwa katika gari jingine lililouzwa. Mngurumo wake ulipendeza. Tabia yake iliwatesa wenyewe.

Ila yake ilikuwa joto. Pampu ya maji iliwekwa juu, baina ya safu za silinda, hata maji yakipungua kidogo ikawa haina cha kusukuma. Bloku ilikuwa ya chuma na vichwa vya aluminiamu. Joto likizidi, vichwa hupinda na gasketi huungua.

Ndipo wenye magari wakatafuta injini ya badala. Wapo waliotia ya Ford, ya silinda sita. Wengine walichukua ya silinda sita ya Triumph yenyewe. Iliyosifiwa zaidi ni ya Rover, ya lita 3.5, ambayo asili yake ni Marekani: Buick waliitumia tangu 1961 hadi 1963, na Rover wakanunua haki zake mwaka 1965. Ilikuwa ya aluminiamu tupu, nyepesi kuliko ile iliyong'olewa. Ajabu ni kuwa tangu 1968 Rover na Triumph walikuwa wakiishi nyumba moja, ile ya British Leyland.

Waliopinga mageuzi hayo wangeliweza kusema kama wahenga: mwacha asili ni mtumwa. Na kweli, miaka ilivyopita mafundi waliielewa injini ya kwanza. Njia za maji zikisafishwa, rejeta ikiwa nzima na cheni ikibadilishwa kwa wakati, hutulia na kudumu. Leo Stag yenye injini yake ya asili ndiyo itafutwayo, na wapo walioing'oa ya Rover ili kuirejesha.

Hata hivyo, hukumu isiwe nyepesi. Hadi 1977 yalitengenezwa magari karibu 26,000. Gari lililokufa injini, na mwenyewe hana njia ya kuitengeneza, mwisho wake ni chuma chakavu. Waliotia moyo wa kuazima waliliweka hai, hata ujuzi ulipofika ukakuta bado lipo gari la kurejeshewa moyo wake.