Kioo au Kiwambo? Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Upigaji Picha

Miongoni mwa istilahi zinazowakwamisha watafsiri wa vitabu vya ufundi ipo moja ambayo kwa sura yake yaonekana nyepesi mno. Ni jina la kile kipande cha kioo chenye ukungu kilichowekwa nyuma ya kamera kubwa ya filamu, ile isimamayo juu ya miguu mitatu, ambayo mpiga picha hujifunika shuka jeusi kichwani ili aone anachokilenga. Kioo hicho kikivunjika, kamera haifai kitu mpaka kibadilishwe. Tena, maagizo ya kukibadilisha yakitafsiriwa vibaya, fundi atakitia kioo kipya kikaonekana kimekaa barabara, na kila picha itakayopigwa baada ya hapo itatoka na ukungu. Hapa hatuzungumzii mapambo ya lugha.

Neno kamera lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki mnamo mwaka 1040, alichunguza jinsi nuru ipitayo katika tundu dogo inavyochora umbo la jua lililopatwa. Mwaka 1604 Kepler alikiita chombo cha namna hiyo, kwa Kilatini, chumba cha giza. Kwa Kiswahili maneno hayo hayo tumekwisha kuyatumia kwa chumba ambamo filamu husafishwa. Hatuoni ubaya, ila mtafsiri wa historia ajihadhari asije akamweka Kepler katika studio.

Katika masanduku ya mwanzo taswira iliangukia kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Baadaye ikatumika bamba ya kioo iliyosuguliwa upande mmoja. Njia ya Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, utaratibu wa kazi ulikuwa ni huu: kulenga kwanza kwenye kioo, kisha kukiondoa na kuweka bamba yenye dawa pale pale kilipokuwapo. Msomaji ayashike maneno hayo, pale pale, kwa kuwa hoja yetu yote imesimama juu yake.

Ufundi huu uliingia kwetu kwa njia ya pwani. Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Huko bara alitegemea zaidi michoro ya mkono. Baadaye zikafunguliwa studio mjini Unguja, kama ile ya Gomes katika karne ya 19 na ile ya Ranchhod Oza, Capital Art Studio, mwaka 1930. Katika nyanda za Mbulu na Hanang kamera zilifika kwa safari za wachunguzi. Oscar Baumann alipita pande za Manyara na Eyasi mwaka 1892, na kitabu chake cha mwaka 1894 kina picha zilizotengenezwa kutokana na fotografia na michoro yake. Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizo za juu mwaka 1906 na 1907, akachapisha matokeo katika majuzuu mawili, la mwaka 1911 na la mwaka 1913. Zama hizo bamba za kioo zilitumika sana safarini, na yeyote aliyeulenga mlima Hanang kwa kamera ya namna hiyo aliuona kichwa chini, kilele kikitazama ardhi, kulia kukiwa kushoto.

Tumezitaja wilaya hizi kwa sababu nyingine pia. Hapa hukutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatooga, ambao yao ni ya Kinailoti, Wahadzabe wa upande wa Eyasi, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote, na wasemaji wa lugha za Kibantu. Kwa watoto wengi wa Dongobesh au Katesh, Kiswahili ni lugha ya pili. Istilahi isiyojieleza yenyewe humpa mwalimu wa huko kazi mara mbili.

Sasa tulitazame neno kioo. Katika Kiswahili kioo ni kile cha dirishani kipitishacho nuru, na ni kile cha kujitazamia kirudishacho sura. Muktadha hututofautishia maana hizo tukiwa nyumbani. Ndani ya kamera muktadha hautoshi, kwani zipo kamera zenye vioo vyote viwili, kimoja cha kurudisha nuru na kimoja cha kuipokea. Mwalimu akisema tu "tazama kwenye kioo", mwanafunzi atatazamia kuona uso wake.

Lugha nyingine zimekita jina hili mahali mbalimbali. Wajerumani na Wafaransa hukitaja kwa sura yake: kioo kisicho na mng'ao, au kilichoondolewa mng'ao. Waingereza hukitaja kwa namna kilivyotengenezwa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu neno lao la kitu kilichosagwa linaandikwa sawasawa na neno lao la ardhi. Mtafsiri mwenye haraka anaweza kutuletea "kioo cha ardhini" bila ya kusita. Hata akiepuka mtego huo, "kioo kilichosagwa" hakifai, maana kwetu kinachosagwa hugeuka unga. Kitenzi cha kweli ni kusugua: unga mgumu hutiwa maji, kisha bamba mbili za kioo zikasuguliwa moja juu ya nyingine. "Kupiga msasa" kunakaribia, lakini seremala hupiga msasa apate ulaini, na hapa hutafutwa ukwaruzo.

Kwa maoni yetu jina lifuate kazi ya kifaa. Karatasi ya mafuta iliifanya kazi hii kabla ya kioo, na siku hizi ipo plastiki. Neno kiwambo, litokanalo na kuwamba ngozi juu ya ngoma, limekwisha kutumika kwa kitu kinachopokea picha, kama cha televisheni. Tunapendekeza kiwambo cha kulengea. Tunajua mafundi wa mitaani watasema kioo, kama wasemavyo kioo cha simu, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini katika maagizo yaliyoandikwa, kiwambo kiwe kifaa, na kioo kibaki kuwa jina la mata yake.

Faida yake huonekana mara moja katika kazi yenyewe. Kiwambo hulazwa juu ya kingo za fremu, uso uliosuguliwa ukielekea lenzi. Uso huo lazima uwe pale pale itakapokuwa filamu. Katika makasha ya filamu ya inchi 4 kwa 5, kina kutoka uso wa kasha hadi mahali filamu ilalapo ni karibu milimita 5, na filamu yenyewe ina unene usiofika milimita 0.2. Kioo chenye unene wa milimita 2 kikiwekwa kinyume, kosa huzidi milimita moja, na hilo latosha kuiharibu picha iliyopigwa lenzi ikiwa wazi kabisa. Kwa hiyo sentensi "geuza kioo" haifai kuandikwa hata kidogo. Iandikwe "uso uliosuguliwa wa kiwambo uelekee lenzi". Fundi ahakikishe kwa kupima vina vyote viwili, kisha apige picha ya ukurasa wa gazeti uliowekwa mshazari, aone kama mstari alioulenga ndio uliotoka wazi.

Majina ya sehemu zilizobaki hayatusumbui sana. Mvukuto tunao tangu zamani katika karakana za wahunzi, na mwanafunzi aliyemwona mhunzi wa Kidatooga kazini hahitaji maelezo. Pembe za kiwambo ambazo mara nyingi hukatwa tuziite pembe zilizokatwa, tukieleza kwamba hupitisha hewa mvukuto unapokunjwa na humwezesha mpiga picha kuchungulia tundu la lenzi, asije mtu akazidhania kasoro akadai kioo kingine. Ama ile bamba yenye mifuo ya duara ambayo huongezwa ili pembe za taswira zing'ae, hiyo ibaki kuitwa lenzi ya Fresnel, kwa kuwa ni jina la mtu.