Mpunga, cherehani na zaka

Wandugu wa chama, na ninyi mnaotusaidia,

Sisi tuliorudi Tshangalele tunajua kuanza na mikono mitupu. Waislamu wa Maniema walianza vile mbele yetu.

Kuanzia miaka ya 1860, wafanyabiashara kutoka Zanzibar, na baadaye Tippu Tip, walikaa Nyangwe na Kasongo. Walichukua pembe na watumwa; hilo hatulifichi. Waliacha pia mashamba ya mpunga na Kiswahili.

Vita na Wabelgiji, 1892 hadi 1894, vilivunja nguvu yao. Mwaka 1906 serikali ya Leopold II ikapatana na Roma, na masomo yakaenda mikononi mwa mapadri. Mzazi Mwislamu aliogopa mtoto asibatizwe, basi wengi wakabaki inje ya masomo. Bila diplome, kazi ya biro ilikuwa mbali. Masomo ya serikali kwa watoto weusi yalifunguka 1954 tu.

Waliishi namna gani? Kwa kulima, kwa biashara ndogo, kwa cherehani. Zaka, yaani sehemu 1 kwa 40 ya mali, ilifika kwa maskini. Kwenye kilio, walizika pamoja.

Wandugu, tuone vizuri: mfuko wa pamoja uliwasimamisha, lakini haukujaza pengo la masomo. Pengo lile njo lilipita kwa wana na wajukuu. Kwa hiyo, makuta yetu ya mwezi yasiishie yote kwenye matanga. Tutenge kwanza minervali ya watoto.